Sensi ya kamera kwenye michezo ya risasi ya simu: dalili, chanzo na marekebisho

Mwenzako wa kikosi akilalamika kwamba sensi yake (wepesi wa kamera kufuata kidole) imeharibika, usimtajie namba yoyote kwanza. Muulize inaharibika wakati gani. Anapokimbia bila kulenga? Anapofungua skopu (darubini ya bunduki) na bado hajapiga? Au risasi zikishaanza kutoka? Jibu lake ndilo litakaloonyesha slaida (kitelezi cha namba) ya kugusa, kwa sababu michezo hii haina sensi moja. Ina sensi nyingi, na kila moja hufanya kazi kwa wakati wake. Anayegusa slaida ya wakati mwingine atapandisha na kushusha hadi usiku wa manane, na kamera itabaki vilevile.

Mara nyingi kosa haliko kwenye namba hata kidogo. Liko kwenye kioo, kwenye joto, kwenye chaja, au kwenye kidole gumba chenyewe. Kwa hiyo chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea zaidi, pamoja na ukaguzi wa dakika moja.

Kabla ya yote, fungua ukurasa wa sensi na upige picha ya skrini ya kila kundi la namba. Ukiharibu zaidi, utakuwa na pa kurudi. Halafu ingia uwanja wa mazoezi, si mechi. Kwenye mechi kuna hofu, kuna adui anayeruka, kuna mwenzako anayepiga kelele sikioni. Hutajua kilichosababisha nini.

Namba ipi hufanya kazi lini

PUBG Mobile ndiyo yenye makundi mengi, na ndiyo inayochanganya watu zaidi:

- Sensi ya kutazama huru: ile ya kitufe cha jicho, unapoangalia pembeni huku mwili unaendelea mbele.
- Sensi ya kamera: kidole kinapoburuta kioo na hupigi.
- Sensi ya ADS (kifupi cha Kiingereza cha kulenga kupitia skopu): kidole kinapoburuta kioo *huku risasi zinatoka*.
- Sensi ya gairo (sensa inayopima mzunguko wa simu): simu inapoinamishwa na hupigi.
- Sensi ya ADS ya gairo: simu inapoinamishwa huku unapiga.

Tazama hiyo ya tatu. Jina ADS huwadanganya wengi, wakadhani ni sensi ya skopu ikiwa wazi. Sivyo. Ukiwa umefungua skopu na hujapiga, bado uko chini ya sensi ya kamera. ADS huingia risasi ya kwanza inapotoka. Ukilielewa hili, nusu ya malalamiko yako yanaisha. Ndani ya makundi ya kamera na ADS kuna namba ya kulenga bila skopu, ya doti nyekundu na holo (skopu zisizokuza), ya 2x (inayokuza mara mbili), 3x, 4x, 6x na 8x, kila moja peke yake.

Free Fire ina orodha fupi: ya jumla, doti nyekundu, 2x, 4x, skopu ya snaipa na ya kutazama huru. Hakuna kundi la pekee la wakati wa kupiga, kwa hiyo ushauri wowote wa ADS utakaousoma hapa haukuhusu. Wewe utagusa slaida ya skopu yenyewe au ya jumla. Call of Duty: Mobile nayo inazo za kila skopu, na zaidi ya hapo ina namna ya mzunguko wa kamera, ambayo tutaifikia sasa hivi.

Dalili ya 1: Alama ya shabaha inampita adui

Unamwona, unaburuta, alama inavuka upande wa pili. Unarudisha, inavuka tena.

*Sensi ya kamera iko juu mno.* Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na kipimo chake ni rahisi. Simama mbele ya shabaha kwa umbali wa mita 20 hivi. Kwa kidole cha kushoto tembea kulia na kushoto bila kusimama; kwa kidole cha kulia ibakize alama juu ya shabaha. Usipige. Alama ikitangulia shabaha kila ubadilishapo mwelekeo, sensi iko juu. Ikiburutwa nyuma, iko chini. Shusha kwa 5 hadi 10, rudia. Fanya hivyo bila skopu kwanza, kisha kwa doti nyekundu. Usiguse skopu nyingine kabla hizi mbili hazijatulia.

*Kamera ina kasi inayoongezeka.* Kwenye Call of Duty: Mobile unaweza kuchagua mzunguko wa kasi isiyobadilika au wa kasi inayoongezeka. Kwenye ule wa kuongezeka, sentimita moja ya kidole kinachokwenda haraka hugeuza kamera kuliko sentimita ileile ya kidole kinachokwenda polepole. Wapo wanaoupenda, lakini ukiwa bado unatafuta sensi yako, weka kasi isiyobadilika. Mkono hauwezi kukariri kipimo kinachobadilika kila mara.

*Kidole kinaanzia pabaya.* Tazama gumba lako. Ukianzia pembeni kabisa mwa kioo, huna nafasi, hivyo unalazimika kufyatua kidole badala ya kukiburuta. Anzia katikati ya nusu ya kulia.

*Fremu zinashuka.* Kwa fremu 60 kwa sekunde, picha mpya huja kila milisekunde 16.7, kwa fremu 30 ni milisekunde 33.3. Picha ikichelewa, kidole kinakuwa kimeshapita kabla jicho halijaambiwa. Ikiwa tatizo hutokea tu palipo na moshi, milipuko na watu wengi, usishushe sensi. Shusha ubora wa picha.

Dalili ya 2: Kamera nzito, hugeuki kwa wakati

Adui akitokea nyuma unakufa ukiwa bado unageuka. Wengi hukimbilia kupandisha namba. Ngoja kidogo.

Anza na kioo. Kioo cha simu huhisi jinsi ngozi yako inavyobadilisha umeme mdogo ulio kwenye kioo, na mafuta, jasho au protekta nene huudhoofisha mguso huo. Osha mikono, ikauke, futa kioo kwa kitambaa kikavu, jaribu. Kama una protekta ya glasi, angalia kama kwenye mipangilio ya simu kuna chaguo la kuongeza wepesi wa mguso kwa ajili ya protekta. Simu nyingi za Samsung zinalo. Protekta iliyoinuka pembeni au yenye kapovu cha hewa pale gumba linapopita, itoe tu.

Kisha tazama hali ya kuokoa betri. Ikiwa imewashwa, simu hupunguza nguvu ya prosesa, na mara nyingi hata kasi ya kioo kujichora. Zima.

Sasa ndiyo namba. Simama ukitazama ukuta, buruta kidole mara moja kwa mwendo wako wa kawaida, kutoka katikati ya nusu ya kulia hadi karibu na ukingo. Je, umegeuka nyuma kabisa, nyuzi 180? Kama umefika robo tu, pandisha sensi ya kamera ya bila skopu peke yake. Huhitaji kupandisha ya 4x ili ugeuke nyuma. Hakuna anayegeuka nyuma na 4x usoni.

Kuna na mpangilio wa vitufe. Baadhi ya vitufe havigeuzi kamera kidole kikianzia juu yake, kwa hiyo ukiwa umejaza upande wa kulia vitufe vya kuruka, kulala, kuchutama, skopu na bomu, umejinyima njia ya gumba. Visogeze.

Mambo mawili yanayosambazwa sana na ambayo hayasaidii: kasi ya kiashiria kwenye mipangilio ya Android ni ya mausi na padi ya mguso, haiongezi chochote kwa kidole. Na kubadilisha DPI (msongamano wa nukta za kioo) kwenye Chaguo za Wasanidi (Developer options) hubadilisha ukubwa wa maandishi na vitufe vya simu. Sensa ya kioo inabaki ileile. Nimeona mtu akiivuruga simu yake nzima, maandishi yakawa kama sisimizi, kwa ajili ya hedshoti (risasi za kichwa) ambazo hazikuja.

Na pingi (ucheleweshaji wa mtandao)? Kamera yako huzungushwa na simu yako mwenyewe, haingojei seva. Pingi ikiwa mbaya, utaona maadui wanarukaruka na risasi zako hazihesabiwi, lakini kamera itageuka vizuri tu. Kamera ikikwama yenyewe, tafuta ndani ya simu.

Dalili ya 3: Bunduki inapanda, risasi zinakwenda mawinguni

Haya ndiyo malalamiko yasiyokwisha, na ndiyo yanayohitaji subira.

Bunduki inapopiga mfululizo, mdomo wake huinuka. Kidole chako huburuta chini ili kuufuta mwinuko huo. Sensi ya ADS ndiyo inayoamua uburuto mdogo wa kidole utashusha mdomo kiasi gani. Ikiwa chini mno, gumba linafika mwisho wa kioo magazini ikiwa bado nusu, na risasi zilizobaki zinapaa. Ikiwa juu mno, bunduki inapiga magoti ya adui, au inacheza kama nyoka.

Kipimo: chukua bunduki ya M416, magazini ya kawaida ya risasi 30, doti nyekundu, bila kifaa chochote mdomoni na bila mshiko. Simama mbele ya ukuta kwa umbali wa kati. Mwaga risasi zote bila kugusa kioo, uone bunduki inakwenda wapi yenyewe. Kisha mwaga tena, safari hii ukiburuta chini kwa mwendo wa kawaida. Rudia mara tatu, halafu usome matundu ukutani:

- Matundu yamepanda juu tangu mwanzo: ADS ya doti nyekundu iko chini. Ongeza 5.
- Yamezama chini ya ulipolenga: iko juu. Punguza 5.
- Yamekaa vizuri risasi 15 hivi kisha yakapanda: gumba limeishiwa nafasi. Anzia juu zaidi ya hapo ulipokuwa ukianzia, na ikishindikana ndipo uongeze namba kidogo.
- Yanakwenda kulia na kushoto: mara nyingi si sensi. Gumba huzunguka kwenye kiungo chake, hivyo halivuti mstari ulionyooka, linachora upinde. Vuta polepole zaidi, au badilisha pembe unayoshikia simu.

Hiyo ya mwisho huwachosha watu. Wanapunguza namba, wanaongeza, upinde uko palepale, kwa sababu hakuna slaida ya kunyoosha gumba.

Kitufe cha kupiga nacho kinahusika. Gumba la kulia likibonyeza kitufe kilicho chini kabisa mwa kioo na hilohilo likitakiwa kuburuta chini, linakwenda wapi? Pandisha kitufe, au washa kitufe cha kupiga cha upande wa kushoto ili gumba la kulia libaki na kazi moja ya kuburuta. Wanaocheza kwa vidole vitatu au vinne wamelimaliza tatizo hili kwa kidole cha shahada.

Vifaa vya bunduki navyo vifikie hapa, si kabla. Kompenseta (kifaa cha mdomoni) na mshiko wima hupunguza mwinuko. Kuchutama pia hupunguza. Ukipima sensi ukiwa na vifaa vyote, utashangaa kwa nini kila unapotua mahali pabovu na kuokota bunduki tupu unashindwa. AKM na M762 hutumia risasi za 7.62 na huruka kuliko M416, kwa hiyo usitarajie namba iliyopatikana kwa M416 izitulize kabisa. Pima kwa bunduki unayofia nayo mara nyingi.

Na kama adui yuko mbali sana, acha kumwaga. Piga moja moja. Hakuna sensi itakayofanya kazi ya subira.

Dalili ya 4: Doti nyekundu safi, lakini 4x na 6x zinatetemeka

Skopu ya 4x hukuza picha mara nne. Kamera ikigeuka nyuzi moja, jicho linaona kama imekwenda mara nne zaidi, na tetemeko la kidole nalo hukuzwa vivyo hivyo. Ndiyo maana namba hushuka kadiri skopu inavyokua. Aliyeweka 60 kwenye skopu zote kwa sababu ni namba nzuri, hapo ndipo alipoteleza.

Mteremko wa kuanzia kwa sensi ya kamera, kama doti nyekundu yako iko karibu na 60: 2x weka 35, 3x weka 25, 4x weka 18, 6x weka 12, 8x weka 10. Si namba takatifu. Kinachofaa ni ule uwiano. Kama doti yako ni 45, shusha zote kwa uwiano huohuo. Kisha rudia kipimo cha kutembea kulia na kushoto kwa kila skopu, ukiongeza umbali.

Kuna mtego kwenye PUBG Mobile: skopu ya 6x inaweza kupunguzwa ukuzaji hadi 3x, na wengi huitumia hivyo kumwagia risasi. Ukifanya hivyo, bado unafuata slaida ya 6x. Kwa hiyo usihangaike na slaida ya 3x ukishangaa haibadilishi kitu. Amua 6x yako ni ya kupunguza au ya kupigia mbali, kisha uipime kwa matumizi hayo.

Dalili ya 5: Gairo inakataa, inateleza au inachelewa

*Haifanyi kitu kabisa.* Kwanza, ina hali tatu: imezimwa, inafanya kazi skopu ikiwa wazi tu, au muda wote. Wengi wako kwenye hiyo ya pili wakidhani wako kwenye ya tatu. Pili, huenda simu haina sensa yenyewe. Simu nyingi za bei nafuu zina kipima mtikisiko tu, kile kinachogeuza skrini unapoilaza simu. Skrini kujigeuza si ushahidi kwamba gairo ipo. Kwenye simu nyingi za Samsung, piga *#0*# kama unayepiga simu, na utaona ukurasa wa majaribio wenye sehemu ya sensa. Kama gairo haimo, hakuna programu itakayoileta.

*Kamera inateleza yenyewe upande mmoja.* Weka simu juu ya meza tambarare, gairo ikiwa imewashwa muda wote, na uondoe mikono. Kamera ikitulia, tatizo ni mikono yako au namba kubwa. Ikiendelea kutambaa, ni sensa. Zima simu na kuiwasha, iache ipoe kwa sababu joto huisogeza gairo, kisha tafuta chaguo la kusawazisha sensa kwenye simu au kwenye mchezo na ulifanye simu ikiwa pale pale mezani. Zima pia mtikisiko wa simu ndani ya mchezo. Ikiwa baada ya hapo bado inatambaa, hasa kama simu iliwahi kuanguka, hiyo ni kazi ya fundi.

*Bunduki inazama ukipiga.* Umewasha gairo muda wote, na ADS ya kidole bado iko juu kama zamani. Mikono inainamisha simu, gumba nalo linaburuta, na bunduki inavutwa mara mbili. Chagua mmoja awe mkuu. Wengi waliohamia gairo huishusha ADS ya kidole.

*Unaanza gairo na unahisi kizunguzungu.* Kwenye PUBG Mobile namba za gairo hufika 400, na walioizoea huzipandisha sana. Wewe anza karibu na 150, skopu ikiwa wazi tu, na upande taratibu.

Jambo dogo ambalo limewahi kunichekesha: gairo hupima mzunguko, haijui nani anayezungusha. Ndani ya gari linalokata kona, kamera hugeuka nalo. Usirekebishe sensi ukiwa safarini.

Dalili ya 6: Kamera inaruka, inakwama au inajigeuza bila kuguswa

Hapa namba za sensi hazina hatia. Fuata mpangilio huu.

Ishara ya vidole vitatu ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Simu nyingi za Android hupiga picha ya skrini ukiburuta vidole vitatu kwenda chini. Mchezaji wa vidole vitatu au vinne hufanya hivyohivyo akipiga huku anatembea. Simu inakatiza miguso yote, kamera inaganda, na yeye anakufa. Zima ishara hiyo kwenye mipangilio. Hata iPhone zimewahi kupatwa: iOS 13 ilipotoka mwaka 2019, ishara zake za vidole vitatu za kuhariri maandishi zilikatiza michezo ikiwemo PUBG Mobile na Fortnite, hadi toleo la 13.1 liliporekebisha.

Mshtakiwa wa pili ni ishara za pembeni: kuburuta kutoka ukingoni kunakorudisha nyuma. Washa hali ya michezo ya simu yako, nyingi zina kizuizi cha ishara hizo.

Wa tatu ni chaja. Mimi mwenyewe nilitumia wiki mbili kushusha sensi ya 3x kwa sababu kamera ilikuwa inarukaruka usiku tu. Mchana ilikuwa safi. Kumbe usiku nilikuwa nacheza simu ikiwa kwenye chaji, na chaja niliyokuwa nayo haikuwa ile iliyokuja na simu. Chaja mbovu huingiza kelele ya umeme kwenye kioo, na kioo huisoma kama vidole. Chomoa, cheza. Ikitulia, umeshampata mkosaji.

Baada ya hapo fuata jasho na unyevu, protekta iliyoinuka, na kioo kilichobadilishwa. Kioo kisicho cha asili mara nyingi husoma miguso michache au kwa kuchelewa, na hakuna slaida ya kufidia hilo.

Kuona kwa macho yako, washa chaguo la mahali pa kiashiria ndani ya Chaguo za Wasanidi. Simu itachora mstari kila inapohisi mguso. Buruta kidole kimoja polepole kioo kizima. Mstari ukikatika mahali fulani, hapo kioo kimekufa. Mistari ikijichora bila wewe kugusa, na mchezo umefungwa, tatizo ni la simu.

Simama hapa. Ukiona kioo kimeinuka ukingoni, mgongo wa simu umevimba, au kuna mwanga unapenya pembeni ambao haukuwepo, betri inaweza kuwa imevimba na inasukuma kioo. Zima simu. Usiichaji, usikibonyeze kioo kirudi, usiitoboe wala kuifungua mwenyewe; betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto. Mpelekee fundi. Vivyo hivyo simu iliyoingia maji, inayonuka kitu kuungua, au iliyo moto hadi huwezi kuishika.

Dalili ya 7: Mechi ya kwanza nzuri, ya tatu kamera inaburuzika

Ni joto. Prosesa ikichemka, simu huishusha kasi yenyewe ili isijiunguze, fremu zinaanguka, na sensi ileile inahisi kama ya mtu mwingine. Dalili ya pembeni: mwanga wa kioo nao hupungua wenyewe.

Vua kava, usicheze ukichaji, punguza mwanga, funga programu za nyuma, na uchague picha laini. Fremu 60 zisizoyumba ni bora kuliko 90 zinazoruka hadi 50 na kurudi. Ukibadilisha kiwango cha fremu, pima sensi upya, maana mkono utahisi tofauti. Wala usiiweke simu kwenye friji ipoe. Unyevu hujikusanya ndani yake, na hapo utakuwa umeongeza tatizo la dalili ya 6.

Dalili ya 8: Kamera inanata ikimkaribia adui

Ni msaada wa kulenga, si hitilafu. Hupunguza kasi ya kamera karibu na adui. Ukipigana na wawili waliokaribiana, unaweza kukuvuta kwa yule usiyemtaka. Kwenye Free Fire unaweza kuchagua kiwango cha usahihi wa kulenga, ikiwemo udhibiti kamili usio na msaada. Kwenye PUBG Mobile unaweza kuuzima. Ukiuzima, pima doti nyekundu upya.

Dalili ya 9: Nimenakili namba za bingwa, nacheza vibaya kuliko zamani

Namba ni zake, lakini kioo, urefu wa gumba na idadi ya vidole ni vyako. Anayecheza kwenye iPad ana kioo cha umbo tofauti na nafasi kubwa ya kuburuta. Sentimita moja kwake si sentimita moja kwako. Kama yeye anatumia gairo na wewe hutumii, sensi yake ya ADS haikusaidii lolote, kwa sababu kazi ya kushusha bunduki anaifanya kwa mikono.

Nakili uwiano, si namba. Tazama doti yake kwa 3x yake, 3x kwa 6x, kisha jenga mteremko huohuo kutoka kwenye doti yako uliyoipima. Baada ya hapo usiguse kitu kwa siku tatu. Kubadilisha sensi kila baada ya kufa ni njia ya hakika ya kutokuwa na sensi.

Na hizi programu za nje zinazoahidi sensi kali au bunduki isiyopanda, achana nazo. Zinazobadilisha faili za mchezo au kuburuta kwa niaba yako zinaweza kukufungia akaunti, na zile zinazotaka uingize nywila yako ya mchezo zinataka akaunti yenyewe.

Dalili ya 10: Gumba linauma au linakufa ganzi

Sensi ya chini sana hulazimisha uburuto mrefu, na mpangilio wa vidole vinne hulazimisha mkono kukunjika. Pandisha sensi kidogo, sogeza vitufe, pumzika kati ya mechi. Ganzi ikibaki hata baada ya kuweka simu chini, au maumivu yakikuamsha usiku, acha kucheza umwone daktari.

Dalili ya 11: Namba zote zimerudi za mwanzo

Umefuta mchezo, umebadilisha simu, au umeingia kwa akaunti ya mgeni. PUBG Mobile inakuruhusu kupakia sensi na mpangilio wa vitufe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya akaunti yako na kuzipakua kwenye simu nyingine. Fanya hivyo kabla ya kufuta. Kama hukufanya, fungua ile picha ya skrini uliyopiga mwanzoni uandike namba moja moja. Kwenye simu mpya yenye kioo kikubwa au kidogo zaidi, zichukue kama pa kuanzia, kisha rudi kwenye ukuta na risasi zako 30.